Siku Kumi na Mbili na Mama Mkwe

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kile kikohozi cha yule mdogo kiwe kimeshaondoka. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti la Baba linalonung'unika kila asubuhi, na pua yangu ambayo imebambuka kwa jua mara mbili na sasa ina rangi tatu. Baba anakusalimu sana. Nikiandika hivi yuko nje anasafisha kabureta kwa mswaki wako wa zamani, ule wa kijani uliouacha ulipoenda kuoa. Anasema nikuambie hukuwa unapiga mswaki vizuri, maana bado ni mzima kabisa.

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe una tabia ya kunijibu kabla sijamaliza, na mimi nina tabia ya kusema ndiyo Kaka kabla wewe hujamaliza. Tungeongea nusu saa tukaagana bila kuambiana kitu. Kwa hiyo nakuomba ukae chini, usome mpaka mwisho, na usimpigie mtu yeyote simu kabla hujafika chini kabisa.

Uliniuliza swali moja. Tangu ule moto wa miezi minane iliyopita, pasi ilipounguza pazia, kiti cha Mama na nusu ya dari ya sebule, uliamua kwamba Baba hawezi tena kuishi peke yake. Ukamtengenezea chumba huko kwako milimani, ukakipaka rangi, na ukasema ahamie tarehe moja ya mwezi ujao. Mimi nilikubali. Baba naye alikubali, tena haraka kuliko tulivyotegemea. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kabla hajahama aifuate barabara ya pwani mpaka inapoishia, kwa pikipiki yake mwenyewe. Wewe ukatoa masharti yako: niendeshe mimi, yeye akae nyuma, na nimwangalie siku hadi siku, kisha nikirudi nikuambie ukweli kama kichwa chake bado kipo au kinaondoka. Jibu ninalo. Lakini niruhusu nianze na safari, kwa sababu jibu lenyewe nililipata njiani.

Kwanza ucheke. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kupanda pikipiki, wakiwemo askari wanaotusimamisha barabarani, hakuwahi kusafiri na pikipiki hata siku moja. Miaka thelathini na moja alizunguka kiwanja kile kile na mapipa yale yale. Wanafunzi walipita mtihani wakaenda zao duniani, yeye akabaki kupanga mapipa upya. Tulipovuka daraja la kutokea mjini aliniambia nisimame pembeni, akashuka, akageuka kutazama tulikotoka, akasema kumbe mji wenyewe ni mdogo hivi. Kisha akapanda tena, akanipiga bega mara mbili kama anavyowapiga wanafunzi wake, maana yake twende.

Mama Mkwe alikuwa amebeba zaidi ya umri wake. Unakumbuka kwa nini Baba aliiita pikipiki hiyo Mama Mkwe: haifokewi, haiharakishwi, na asubuhi lazima uisalimie kwa upole kabla hujaiomba chochote. Tulifunga hema la kuazima, sufuria moja, blanketi mbili, tyubu mbili za akiba, spana, na mayai ya kuchemsha ishirini ambayo Baba aliyapanga kwenye kofia yake ya akiba na kuyazungushia soksi. Likizo yangu ya kazi ya udobi hotelini ilikuwa siku kumi na mbili, na mfuko wetu, bila kukuficha, ulikuwa mfuko wa kuomba radhi. Baba alikuwa na sheria zake za kubana matumizi. Hatuzidi mwendo wa arobaini, kwa sababu ukizidi hapo, anasema, unamnywesha Mama Mkwe bila kiu. Tunalala wanapolala madereva wa malori, kwa sababu dereva wa lori hakubali kuibiwa wala kulala na kunguni. Na kila jioni tukifika mahali, kabla hatujaomba maji ya kunywa, tunaomba ndoo moja ya maji baridi ya kuoshea cheni na rimu, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya. Watu walitushangaa. Mwanamke mmoja wa duka alituambia hajawahi kuona wageni wanaokufa kwa kiu huku pikipiki yao imeoga.

Siku mbili za mwanzo nilitii masharti yako kama mwanajeshi. Niliendesha mimi. Baba alikaa nyuma akinisahihisha kila kona, na sauti yake ilipita ndani ya kofia yangu kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Klachi, mama, klachi. Tazama mbali, usitazame gurudumu, gurudumu litajitazama lenyewe. Siku ya tatu lami iliisha, tukaingia kwenye mchanga katikati ya minazi, nami nikaanguka mara tatu mbele ya kundi moja la mbuzi. Mara ya tatu Baba alijipangusa magoti, akanivua kofia kichwani taratibu, akaivaa. Akapunguza upepo kwenye magurudumu yote mawili, akaniambia nikae nyuma nisitingishike. Kaka, tuliruka ule mchanga kama mashua. Alisimama kwenye vikanyagio, mzee wa miaka sabini na moja, na nilimsikia anaimba. Kwa hiyo kosa langu la kwanza la kukiri kwako ni hilo, kwamba tangu siku ya tatu nusu ya njia aliendesha yeye, na aliendesha vizuri kuliko mimi.

Bahari yenyewe sijui nikuandikie vipi. Siku ya nne barabara ilipita juu ya majabali ya matumbawe, maji yako chini upande wa kushoto, kijani kama chupa. Tulisimama kula mayai. Baba alivua viatu, akashuka mpaka majini na suruali yake ya kazi, akasimama pale maji yakimfika magotini, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Aliporudi alisema kazi ni nzuri. Nilimpenda sana siku ile, na nilitamani ungekuwapo.

Sasa nikuambie niliyoyaona kuhusu kichwa chake, maana ndilo ulilonituma. Kwenye usukani amefunga kipande cha kadi ndani ya mfuko wa nailoni, ameandika kwa herufi kubwa: koki ya mafuta, ufunguo, kofia, leseni, mzigo. Kila tukisimama anaisoma yote, anagusa kitu kimoja kimoja, kisha anaisoma tena. Tukishatembea hatua ishirini anarudi kugusa koki. Wakati mwingine anarudi mara tatu. Nyumba za wageni tulizolala alizunguka kuchomoa plagi za umeme zote, ya taa, ya feni, ya televisheni, hata kama tunatoka kwa dakika kumi kununua mkate. Nilimwambia Baba inatosha. Akanijibu kwa upole kwamba siku ile pia alidhani inatosha.

Siku ya tano tulilala kwa mama mmoja mwenye vyumba sita na friji kubwa kwenye korido, ambamo aliweka samaki wa wiki nzima na barafu za watoto. Mchana tulitoka kwenda kuogelea. Tuliporudi tulisikia kelele tangu barabarani. Baba, katika kuchomoa plagi zake, alikuwa amechomoa na ya friji. Samaki walikuwa wamelegea, barafu zimekuwa maji ya rangi sakafuni, na yule mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni tayari kwa vita. Mimi nilianza kumtetea Baba, lakini yeye akanishika mkono ninyamaze. Akavua kofia mbele ya wageni wote waliokuwa wametoka kutazama, akasema yeye ni mzee aliyewahi kuunguza nyumba kwa kusahau pasi, na tangu hapo anaona heri aharibu samaki kuliko watu. Yule mama alimtazama, akafungua kanga, akamletea kiti. Baba alikaa kesho yake nzima akimtengenezea pampu ya maji kulipa samaki wake. Mimi nilikwenda nyuma ya tangi nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, kwa sababu sikutaka mtu anione uso.

Siku ya saba tulivuka mdomo wa mto kwa kivuko. Mkata tiketi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na miwani ya jua. Baba alimkazia macho, akamuuliza kama bado anaendesha na vidole viwili juu ya breki. Jamaa alivua ile miwani. Kumbe alikuwa mwanafunzi wake, miaka ishirini na miwili iliyopita. Baba alimtajia siku aliyofeli mtihani, pipa aliloligonga, na rangi ya shati alilovaa, na yule jamaa akaapa mbele ya abiria kwamba yote ni kweli tupu, akakataa kutukatia tiketi. Nilifurahi, nikasema moyoni Kaka lazima asikie hili. Lakini tulipofika ng'ambo Baba alinivuta pembeni. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninadhani yule mtu alikuwa mwanafunzi wake kweli, au alikuwa anamstahi tu mzee aliyemfananisha. Nilimwambia Baba, mtu amekuapia. Akasema watu wana huruma, huwezi kujua.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, Kaka.

Tulifika mwisho wa barabara siku ya tisa, saa sita mchana. Usidhani ni mahali pa ajabu. Barabara inapita kwenye mashamba ya chumvi, meupe pande zote mpaka macho yanauma, kisha inaishia kwenye ukuta wa kiwanda kidogo cha barafu, na nyuma ya ukuta ni mikoko na matope. Hakuna hata kibao. Baba alizima Mama Mkwe, akafunga koki, akasoma kadi yake mara mbili, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta ule tukala mkate. Maji ya barafu yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji miguuni petu na tulitumbukiza miguu humo.

Alipomaliza kula alinipa ufunguo wa pikipiki. Akasema kuanzia hapo niendeshe mimi mpaka nyumbani, na nikifika niichukue iwe yangu, kwa sababu yeye hapandi tena. Nilimwambia Baba unaendesha kuliko mimi, umeniona mwenyewe nikiangukia mbuzi. Akasema mikono na miguu ni mizima, tatizo liko juu. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua, na wewe hulijui. Jumamosi ile, siku moja kabla ya moto, alipiga pasi shati lake. Anakumbuka wazi kwamba alipomaliza aliisimamisha ipoe, akazungushia waya, akairudisha kabatini, akafunga mlango wa kabati kwa goti kwa kuwa unagoma. Anakumbuka mpaka sauti ya ule mlango. Lakini Jumapili jioni, moto ulipozimwa, pasi ilikutwa mezani, imechomekwa, imelala kifudifudi. Alisema angekuwa amesahau tu asingeogopa, maana kila mtu husahau. Yeye anakumbuka kitu ambacho hakikutokea. Ndiyo maana aliwaambia wanafunzi wake wa Jumamosi watafute mwalimu mwingine. Hawezi kumwambia mtoto wa watu njia ni nyeupe, pita, wakati macho yake ya ndani yanamdanganya. Ndiyo maana pia alikubali kuhamia kwako bila kubisha. Alisema kila siku akilala anairudisha ile pasi kabatini, na kila akiamka iko mezani.

Kaka, pasi ile ilikuwa kabatini. Niliitoa mimi.

Jumapili ile nilikuwa na zamu ya jioni. Kwangu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na sare yangu ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya maandazi, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimefanywa msimamizi wa chumba cha pasi. Nikakimbilia kwa Baba. Alikuwa amelala usingizi wake wa mchana, nikafungua kwa ufunguo wangu nisimwamshe. Nilitoa pasi kabatini, nikapiga mkono mmoja wa sare, umeme ukakatika na kwake. Nikatukana kimoyomoyo, nikasikia basi linapiga honi barabarani, nikaitupa pasi mezani kama ilivyo, nikatoka mbio. Sikuichomoa. Mimi ninayelipwa kupiga pasi, mimi ninayewafokea wasichana kumi na mmoja kila siku kuhusu plagi. Baba akaamka, akatokea mlango wa uani bila kupita sebuleni, akaenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Saa tisa umeme ukarudi.

Nilipopata habari na kufika, majirani walishaamua kwamba mzee amesahau, na Baba mwenyewe alikuwa amesimama uani na ndoo, anasema atakuwa ni yeye, atakuwa ni yeye. Nilifungua mdomo niseme. Ndipo simu yako ikalia. Nikasema moyoni nitasema kesho, watu wakitawanyika. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, siku ya pili kwa woga, na baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Nilijidanganya kwamba hakuna aliyeumia, kwamba mzee wa miaka sabini na moja angehama tu siku moja. Sikujua kwamba nimemwibia akili yake mwenyewe.

Nilimwambia yote pale ukutani, miguu ikiwa kwenye maji ya barafu. Sikuweza kumtazama, nilikuwa naiambia mikoko. Nilipomaliza alitoa miguu yake kwenye maji. Kisha akaanza kuniuliza maswali, taratibu, kama anavyomhoji mwanafunzi aliyegonga pipa. Saa ngapi. Mlango wa kabati uliufungua vipi. Nikasema uligoma, nikauvuta kwa nguvu. Waya wa pasi ulikuwaje. Nikasema ulikuwa umezungushwa. Umezungushwa mara ngapi? Nikasema mara tatu, na ncha imechomekwa ndani. Hapo ndipo alipofunga macho. Alilia, Kaka. Akatoa kitambaa mfukoni, kile cha kufutia plagi ya injini, akajifuta uso, akabaki na oili kuanzia paji mpaka kidevuni, nami sikuthubutu kumwambia.

Alisimama, akaninyang'anya ufunguo mkononi, akawasha Mama Mkwe kwa teke moja, akaondoka. Aliniacha pale na sufuria na blanketi. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda alitoka akaniuliza kama yule mzee mwenye oili ni jambazi. Nilikaa saa nzima na nusu nikitazama vumbi lile jeupe. Nilijiambia akianguka huko nitakuwa nimemmaliza kwa mkono wangu, na akirudi salama atakuwa na haki ya kunifukuza. Alirudi akiwa ameosha uso. Akasema neno moja, panda. Tulikwenda kilomita sitini bila neno la pili, na aliniendesha yeye. Hakusimama kugusa koki hata mara moja.

Kesho yake asubuhi tukinywa chai alizungumza. Alisema ana hasira na mimi, hasira kubwa, na nisitegemee itaisha wiki hii wala mwezi huu. Alisema miezi minane ni mingi kwa mtu ambaye hana miaka mingi. Nikasema najua, Baba. Akasema hujui, lakini utajua ukifika umri wangu. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha puani, akasema pamoja na hayo yote, akiambiwa achague, heri mtoto mwongo kuliko kichwa kiongo, maana mtoto mwongo anaweza kuchapwa. Akanimegea mkate wake. Nilikula huku machozi yakiingia kwenye chai, naye akajifanya anatazama malori.

Tumerudi tangu Jumatano. Adhabu yangu amenipangia mwenyewe. Kwanza niende kwa majirani wote wanne waliokuja na ndoo siku ile, mlango kwa mlango, kwa miguu yangu, niseme aliyeacha pasi ni nani. Milango mitatu nimeshaimaliza. Mmoja walinikaribisha chai, mmoja walinisikiliza wamesimama, na wa tatu alinifungia mlango usoni, na ana haki. Wa nne ni kesho. Huko kazini nimemweleza mkuu wangu pia, ingawa Baba hakunituma, kwa kuwa sikuweza tena kuwafokea wale wasichana. Adhabu ya pili ni barua hii. Nilimwomba aisome kabla sijaifunga bahasha, akakataa. Alisema hiyo ni yako na kaka yako.

Sasa jibu la swali lako. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sikio lake la kushoto limechoka, usimsemeshe upande huo. Goti lake linahitaji daktari. Usiku anaona vibaya, na nimemwomba asiendeshe jua likishazama, naye amekubali kwa kununa. Lakini kichwa chake kipo, Kaka, chote, kilikuwapo siku zote, na kinakumbuka mambo mengine ambayo mimi na wewe tungependa ayasahau. Anaweza kuishi peke yake. Juzi ameifungua ile kadi kwenye usukani, ameitupa. Jumamosi hii anarudi kiwanjani, ameshapanga mapipa, na wanafunzi watano wamejiandikisha. Anasema tarehe moja hatahamia kwako, ila shule zikifungwa atakuja akae mwezi mzima, na hicho chumba ulichokipaka rangi mkiache kama kilivyo. Anauliza ni rangi gani. Nilimwambia sijui.

Nina ombi moja, na sistahili kuomba. Siku ile ya moto, simu yako ilipolia, nilikuwa nimesimama karibu na Baba, nikasikia kila ulilosema. Ulimwambia angeua watu. Ulimwambia hafai kuachiwa hata kiberiti. Ulimwambia Mama angekuwa hai angeona aibu. Sikulaumu, ulikuwa na hofu, ulikuwa mbali, na ulikuwa umeambiwa uongo. Baba alisema ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, mpaka ulipokata simu. Maneno yale yote yalikuwa yangu, Kaka, na yeye ameyabeba miezi minane kama yake. Usiniandikie mimi kwanza. Mpigie yeye, leo hii, sikio la kulia, uyachukue kwake moja baada ya jingine. Kisha uniletee mimi, nitayapokea yote bila kukukatiza.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie asinitetee kwako, najua atajaribu. Watoto wabusu mmoja mmoja kwa niaba ya shangazi yao. Jitunzeni na baridi ya huko. Baba ameingia sasa hivi, ananuka petroli, anauliza kama bado naandika, na kama nimekuambia kwamba simu yake ameichaji.

Ni mimi mdogo wako.